Sheria ya Marekani ya 2014 kuhusu wataalamu wa usalama wa mtandao: miaka saba ilipotelea wapi?

AfisaTehama_Singida:

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafanya kazi ya TEHAMA katika taasisi moja ya umma, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma namna Marekani ilivyojaribu, kwa njia ya sheria, kuipatia Wizara yake ya Usalama wa Ndani wataalamu wa kulinda mitandao. Rais Obama alitia saini sheria hiyo tarehe 18 Desemba 2014, ikiwa imeunganishwa na sheria ya malipo ya askari wa doria za mipakani, na ilimpa Waziri mamlaka ya kuajiri na kupanga mishahara nje ya utaratibu wa kawaida wa utumishi wa umma. Hata hivyo, mfumo wenyewe wa ajira ulianza kutumika tarehe 15 Novemba 2021.

Jambo hili linanigusa. Mwaka jana mwenzetu aliyekuwa akilinda seva zetu alihamia benki. Ijumaa alasiri alinikabidhi daftari kubwa lenye orodha ya seva, tarehe za leseni kuisha na namba za kupiga hitilafu inapotokea. Usiku huohuo nikabadilisha nywila zote, na tangu siku hiyo kiti chake hakijapata mtu. Kwa nini nchi yenye fedha nyingi vile ilichelewa, na sisi tunaosubiri vibali vya ajira tuna la kujifunza hapo?

Msomasheria:

Ndugu, pole kwa mzigo huo. Kwa maoni yangu, jibu limo katika kile kiti ulichokitaja. Sheria hiyohiyo iliitaka wizara itambue nafasi zake zote za usalama wa mtandao, zenye watu na zilizo wazi, izipe kila moja namba maalumu inayoonyesha aina ya kazi, kisha ieleze ni wapi upungufu ni mkubwa zaidi. Kazi hiyo ya kuhesabu ndiyo iliyokwama.

Mnamo Februari 2018 GAO, ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani utendaji wa serikali, ilichapisha taarifa yenye mafunzo mengi. Wizara ilikuwa imesema kwamba asilimia 95 ya nafasi zimekwisha kupewa namba. Wakaguzi walipopitia wakakuta ni takriban asilimia 79 kufikia Agosti 2017. Tofauti hiyo ilitokana hasa na kutohesabiwa kwa nafasi zilizo wazi, ingawa sheria ilitaka zihesabiwe. Nawaomba wasomaji walitazame jambo hili kwa makini: sheria imetungwa ili kuziba mapengo, halafu anayehesabu anayaruka mapengo yenyewe. Ripoti ya namna hiyo hupendeza mezani kwa wakubwa, lakini haiwezi kumwambia mtu yeyote aajiri nani.

Mzee wa Utumishi:

Nakubaliana na Msomasheria kwa sehemu kubwa, ila nisingependa hesabu ibebe lawama yote. Utumishi wa serikali ya Marekani una madaraja 15 ya mishahara ambayo kwa kawaida humpima mtu kwa elimu na uzoefu wake, na waliopewa mamlaka ya 2014 walipaswa kujenga kitu kingine tangu msingi. Kanuni zilizotangazwa Agosti 2021 ziliruhusu mshahara ufike kiwango cha Makamu wa Rais, ambacho mwaka ule kilikuwa dola 255,800, na katika mazingira machache maalumu hadi dola 332,100.

Wengi husoma takwimu hizo na kuishia hapo, ilhali mimi naona badiliko kubwa zaidi ni kwamba mwombaji hupimwa kwa majaribio ya ujuzi. Kijana asiye na shahada, lakini anayejua kusoma kumbukumbu za seva na kumtambua mvamizi, anaweza kumpita mwenye shahada mbili. Kuandaa majaribio ya haki, yanayoweza kutetewa kisheria mbele ya aliyekosa kazi, si jambo la mwezi mmoja. Mimi nimekaa kwenye kamati za usaili miaka mingi na ninajua uzito wake.

Binti wa Maryland:

Kwa ndugu walioko huku wanaotaka kuomba: nafasi hizo ni za raia wa Marekani, kwa hiyo kadi ya kijani haitoshi. Iko pia sheria iliyosainiwa na Rais Biden tarehe 21 Juni 2022, inayomwezesha mtaalamu wa serikali kwenda kufanya kazi katika taasisi nyingine ya serikali kwa muda wa miezi sita hadi mwaka mmoja, kisha akarudi kwake. Naipenda kwa sababu mtu huyo hurudi na ujuzi bila mwajiri wake kumpoteza.

AfisaTehama_Singida:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Baada ya kusoma maelezo ya Msomasheria nilifungua jedwali la ikama yetu, nikakuta nafasi zote za idara yangu zimeandikwa “Afisa TEHAMA”, pasipo hata moja inayotaja usalama. Katika karatasi hiyo, aliyeondoka alikuwa akifanya kazi ileile ninayofanya mimi ya kutengeneza printa na kuunganisha kompyuta, kwa hiyo anayepitia maombi ya kibali hana namna ya kuona kwamba aliyepungua ni mlinzi. Jumatatu nitamwandikia mkuu wa utawala barua inayoeleza kazi halisi za nafasi ile, nikizinakili ukurasa kwa ukurasa kutoka kwenye daftari aliloniachia. Mzee wa Utumishi, iwapo una muda, naomba unisaidie namna ya kuandika sehemu ya majaribio ya ujuzi.