Namna ya kuleta moyo wa kambi za kiangazi kazini: naomba ushauri

Msimamizi wa Ghala (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Mimi ni Mtanzania, na ni msimamizi wa zamu ya mchana katika ghala la vifaa vya hospitali hapa Columbus. Katika timu yangu wamo ndugu kutoka Kongo, Somalia na Nepal, pamoja na Wamarekani wenyewe. Hawagombani, lakini pia hawafahamiani: asubuhi kila mmoja huchukua skana yake na kushika njia yake kati ya rafu, mchana hula ndani ya gari lake, na muda ukifika huondoka. Mfanyakazi mpya anaweza kumaliza wiki kadhaa bila kuitwa kwa jina na mtu mwingine zaidi yangu.

Meneja wetu, ambaye utotoni alikuwa akipelekwa kila mwaka kwenye kambi ya kiangazi huko Michigan, yaani zile ambako watoto hukaa wiki kadhaa za likizo mbali na wazazi, amenitaka niandae mpango wa kuleta moyo wa kambi hiyo kazini. Mpaka sasa yamependekezwa fulana za rangi moja, mashindano ya kuvuta kamba na nyama choma Jumamosi moja. Siyapingi, ila nahofia kwamba Jumatatu yake kila mtu atarudi kula ndani ya gari lake. Kwetu likizo ilikuwa ya kwenda kijijini kwa bibi, kwa hiyo kambi hizi nazisikia tu. Naomba wenye uzoefu wanieleze ni kitu gani hasa kinachowafanya watoto wasiojuana wawe kitu kimoja ndani ya wiki chache, na ni kipi kati ya hayo kinachowezekana mahali penye malengo ya kazi ya kila saa.

Mlezi wa Zamani

Ndugu Msimamizi, swali lako limenigusa, kwa sababu nikiwa mwanafunzi nilifanya kazi ya ulezi katika kambi moja ya watoto kaskazini mwa jimbo la New York, kwa ile viza ya J-1, ya programu za mabadilishano za Marekani, ambayo ina kundi maalumu la walezi wa kambi.

Nyimbo, michezo na moto wa jioni ndivyo vinavyokumbukwa na kila aliyepita huko, lakini kwa maoni yangu kinachowajenga watoto ni mpangilio wa siku yenyewe. Katika kila nyumba ya mbao walilala watoto wasiozidi kumi pamoja na walezi wao, na karibu na mlango palikuwa na duara la kadibodi lililopigiliwa msumari katikati. Ukingoni yaliandikwa majina, na ndani ziliandikwa kazi: kufagia, kusafisha choo, kuandaa meza, kuanika taulo. Kila asubuhi duara lilisogezwa hatua moja. Mtoto wa tajiri alifikiwa na zamu ya choo sawa na mwenzake aliyelipiwa ada na wafadhili, na majina ya walezi yalikuwamo pia. Kwa kuwa hapakuwa na mkubwa aliyempangia mtu kazi siku hiyo, hapakuwa na aliyejiona ameonewa.

Jambo la pili nililiona ziwani. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuingia majini bila mwenzake. Kila baada ya muda mfupi mwokoaji alipuliza filimbi, na papo hapo kila wawili walishikana mikono na kuiinua juu, kimya, mpaka jozi zote zihesabiwe na hesabu ilingane na vibao vya majina vilivyotundikwa gatini. Mtoto wa miaka tisa alielewa kwamba asipojua alipo mwenzake, ziwa zima linasimama. Watoto waliofika Jumapili wakilia kwa kukumbuka nyumbani, kufikia katikati ya wiki walikuwa wakiulizana kwa majina, kwa sababu walikuwa wamekabidhiana uhai.

Jioni, kabla ya kulala, tuliketi kwa duara na kila mmoja alitaja ua, mwiba na chipukizi wa siku yake, yaani jambo lililomfurahisha, lililomuumiza, na analolitarajia kesho. Walezi nao walisema.

Ghalani kwako ningeanza na duara la kadibodi. Zipo kazi ambazo hazina mwenyewe: kukusanya maboksi matupu, kufuta maikrowevu, kuchaji betri za skana, kufagia gati la kupakulia. Ziandike, halafu jina lako na la meneja yawekwe pamoja na ya wengine. Siku watu watakapomwona meneja ameshika ufagio kwa sababu zamu imemfikia, wataamini zaidi kuliko watakavyoamini fulana. Kisha kila mgeni apewe mwenzi mmoja kwa wiki zake za kwanza, anayepumzika saa ile ile. Usipowalinganishia saa za mapumziko, uwenzi huo utabaki kwenye karatasi.

Skauti wa Nairobi

Naunga mkono, na naongeza kutoka upande wa skauti, maana sisi na kambi hizo ni ndugu wa karibu. Kambi inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza Marekani ni ya mwaka 1861, pale mwalimu Frederick William Gunn alipowatoa wanafunzi wake wa Connecticut na kuwatembeza hadi ufukweni kulala katika mahema. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye kaburi lake liko hapa kwetu Nyeri, alifanya kambi yake ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907. Aliwachukua vijana takriban 20, baadhi yao wa shule za wenye uwezo kama Eton na Harrow, na wengine watoto wa wafanyakazi kutoka Poole na Bournemouth, akawachanganya katika vikosi vinne, na kila kikosi kikaongozwa na kijana mmoja wao.

Hapo pana mambo mawili ambayo ningependa uyazingatie. Kwanza, usiwaache Wakongomani wakawa kikosi chao na Wanepali chao, ingawa lugha itawavuta huko. Changanya tangu siku ya kwanza. Pili, kiongozi wa kikosi apewe mamlaka ya kweli. Tunapopiga kambi pale Rowallan, uwanja wetu wa skauti hapa Nairobi, kiongozi wa kikosi ndiye anayeamua nani achote maji na nani awashe moto, na sisi watu wazima tunajizuia kuingilia hata chakula kinapochelewa. Kwako wewe, kikosi cha watu sita kinaweza kukabidhiwa safu fulani ya rafu na kupanga chenyewe nani aanzie wapi. Ukiwapa jina la kikosi na bendera huku kila uamuzi ukitoka ofisini, watakuona unawachezesha kitoto, na watakuwa na haki.

Aidha, kambi ina tarehe ya kuvunjwa, na jambo hilo humfanya mtu avumilie kasoro za mwenzake. Vikosi vidumu wiki nane hivi, kisha uvichanganye upya.

Rasilimali Watu MN

Ndugu Msimamizi, nafanya kazi katika idara ya wafanyakazi hapa Minnesota, na ningeomba uisome sheria ya mishahara na saa za kazi kabla ya kutangaza hiyo Jumamosi. Kwa wafanyakazi wanaolipwa kwa saa, shughuli wanayolazimika kuhudhuria ni muda wa kazi. Inalipwa, na kama wameshavuka saa 40 za wiki hiyo inalipwa mara moja na nusu. Sheria hiyo hiyo ya shirikisho ya mwaka 1938 inaziondoa kambi zisizofanya kazi zaidi ya miezi saba kwa mwaka katika masharti ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Mlezi anayeshinda na watoto tangu alfajiri mpaka usiku anafanya hivyo chini ya msamaha ambao ghala lako halina. Ule moyo wa kujitoa bila kuangalia saa usiuombe kwa watu wenye kodi ya nyumba na watoto wanaosubiri kuchukuliwa shule. Yote yafanyike ndani ya saa za kazi.

Na kwa heshima zote kwa Mlezi wa Zamani, la mwiba silikubali lilivyo. Wengi katika timu ya namna hii wamepitia vita na kambi za wakimbizi, na kwao neno kambi halina nyimbo. Mtu asiombwe kutaja maumivu yake mbele ya anayemwandikia tathmini.

Kuvuta kamba kuwe kwa hiari kamili, maana kazi ya ghala imeshaumiza migongo ya kutosha. Nyama iwe halali kwa wanaohitaji, na ratiba iheshimu saa za swala.

Msimamizi wa Ghala (Columbus, Ohio)

Nawashukuru sana. Nimezungumza na meneja, naye amekubali jina lake liwemo kwenye duara, na Jumamosi tumeiondoa: chakula kitakuwa siku ya kazi, katika muda unaolipwa. Limebaki moja. Madereva wa foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, ni wanne tu, na wenzao wanauliza kwa nini foklifti nayo isizunguke kama kazi nyingine.

Mlezi wa Zamani

Foklifti iache nje ya duara. Kanuni za usalama zinataka dereva awe amefundishwa na kuthibitishwa na mwajiri kwamba anaiweza, na hata ziwani kwetu filimbi haikuwa na zamu, ilikuwa ya waokoaji waliohitimu. Ila madereva hao wanne majina yao yawe kwenye ufagio na kwenye maikrowevu kama ya kila mtu, na atakayetaka kujifunza foklifti aandikishwe mafunzo hadharani, kwa orodha inayoonekana ukutani.

Kuhusu mwiba, nakubaliana na ndugu wa Minnesota. Kila kikosi kiulizane kabla ya kuondoka swali moja la kazi tu: leo ni kitu gani kilitukwamisha? Na wewe lichukue jibu, uwaletee majibu kesho yake asubuhi kabla hawajachukua skana.