Kurekodi udi, kanuni na fidla kwa REAPER: kanuni inatoka nyembamba, na kliki inawavuruga wapigaji

Mkaza_Nyuzi:
Assalaam alaykum wanajamvi. Nahitaji msaada wa wanaojua kurekodi ala zisizo za umeme. Kundi ni la taarab asilia, watu watano: udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi za kudonoa), fidla, dumbak (ngoma) na mwimbaji wa kike. Nyimbo ni nne, iliyo fupi kuliko zote ni dakika saba. Vifaa nilivyonavyo: laptopu yenye REAPER (programu ya kurekodi), saundi kadi ya matundu manne, jozi ya maiki ndogo za kondensa, SM57 moja na SM58 moja (nazo ni maiki). Ukumbi ni mita 5 kwa 6, kuta za saruji, sakafu ya marumaru, feni ya dari.

Kanuni nimeiwekea kondensa zote mbili, moja sentimita 20 kutoka kwenye nyuzi na nyingine sentimita 55 kwa juu. Ukiisikiliza kila moja peke yake, nzuri. Ukizifungua pamoja inatoka nyembamba kama redio ya betri, na ikwalaiza haisaidii. La pili, kliki (mlio wa kushikia kasi) ya mapigo 92 kwa dakika: kila wakifika kwenye kipokeo wanaiacha. La tatu, kuna mvumo wa chini hata kama hapana anayepiga. Nianzie wapi?

Kebo_Ndefu:
Wa alaykum salaam. Kanuni umeshaijibu mwenyewe kwa vipimo ulivyotoa. 55 toa 20 ni sentimita 35, na sauti huchukua takriban milisekunde 1 kuzipita. Kwa hiyo maiki ya juu inapokea kitu kile kile kimechelewa milisekunde 1. Ukizijumlisha katikati, Hz 500 inafutika, halafu 1,500, halafu 2,500, na kuendelea juu kila baada ya 1,000. Mwili wa kanuni uko humo humo. Ikwalaiza haiwezi kurudisha kilichofutika. Ukipandisha 500 unapandisha shimo.

Ziweke kondensa zote mbili kwenye stendi moja, vichwa vikikaribiana kimoja juu ya kingine, pembe ya digrii 90 baina yao, sentimita 50 hadi 60 juu ya ala, zielekee sehemu mpigaji anapodonoa na si kwenye daraja lenye ngozi. Hapo tofauti ya umbali haipo, na kushoto na kulia utapata bila shimo. Kwa ulichokwisha rekodi, kuza mawimbi hadi uone mdonoo mmoja kwenye treki zote mbili, kisha isogeze ya juu mbele hadi vilele vikutane. Kwa 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde) tarajia sampuli 48 hivi. Kitufe cha Ø peke yake hakitoshi, kwa sababu kinageuza wimbi lakini hakigusi kuchelewa.

Ila kwa watu watano na matundu manne, kondensa mbili kwenye kanuni pekee ni anasa. Mpangilio wangu ungekuwa huu. Wapigaji wakae nusu duara. Kondensa zote mbili mbele yao kwa stendi moja, vichwa sentimita 17 mbalimbali, pembe digrii 110, kimo cha mita 1.6 hivi, umbali wa mita 1.5 kutoka kwa aliye karibu. Hiyo ndiyo picha ya kundi. SM57 kwa udi, maana ndio mnyonge wa sauti: sentimita 25 hadi 30, ilenge kati ya daraja na tundu kubwa. Usiilenge tundu lenyewe, linatoa kishindo kinachofunika kila kitu. SM58 kwa mwimbaji. Dumbak ikae nyuma kabisa, tena nyuma ya mgongo wa SM57, kwa sababu maiki hiyo haisikii vizuri kinachotoka nyuma yake.

Mizani itafutwe kwa viti kabla ya kugusa kitufe. Rekodi dakika moja ya bashrafu (kipande cha ala tupu cha kufungulia), sikiliza, msogeze mtu nusu mita, rekodi tena. Fidla ikizidi, mpigaji ageuke kidogo ili mbao ya juu isitazame maiki. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928 na hakukuwa na treki za kurekebisha baadaye. Aliyekaa karibu alisikika, aliyekaa mbali alififia. Kazi ni ile ile, wewe umeongezewa tu maiki mbili za akiba.

Kliki iondoe. Kwenye REAPER bonyeza Alt+Enter (mipangilio ya projekti), pale penye Timebase chagua Time. Usipofanya hivyo, siku ukibadilisha tempo ya projekti vipande vyako vyote vitahama au kunyooshwa. Zima na kunasa gridi kwa Alt+S, usije ukawa unakata kwenye mistari ambayo wapigaji hawakuifuata.

Pazia_Zito:
Nakubaliana na Kebo kuhusu kanuni, lakini kondensa mita 1.5 mbele ndani ya boksi la saruji na marumaru? Utarekodi kuta. Piga kofi moja katikati ya ukumbi; ukisikia mlio wa chirichiri unaorudi haraka haraka, jozi ya mbali itaubeba kwenye kila mpigo wa dumbak na hakuna plagini (programu ya nyongeza) itakayoutoa.

Tandika kwanza. Mikeka miwili mitatu na zulia chini ya kundi zima. Magodoro ya sponji ya sentimita 10 au zaidi, yasimame wima nyuma ya dumbak na nyuma ya mwimbaji, yaachane na ukuta kwa sentimita 10. Khanga na mapazia mepesi hayafanyi kazi uliyodhani, yanapunguza mlio wa juu tu na kuacha uzito wa chini palepale. Usipange mtu katikati kamili ya ukumbi wala kwenye kona. Kofi likishatulia, jozi ya Kebo itafaa, lakini isogeze hadi mita 1 hivi.

Likigoma kutulia, rudi kwenye maiki za karibu: kondensa moja kanuni, moja fidla kutoka juu kwa sentimita 60 hadi 80, SM57 udi, SM58 dumbak, na mwimbaji aingie baadaye. Hapo shika sheria ya moja kwa tatu: maiki ikiwa sentimita 30 kutoka kwa ala yake, maiki ya jirani iwe angalau sentimita 90 kutoka kwayo. Chini ya hapo fidla inayovuja kwenye maiki ya kanuni itakufanyia shimo lile lile ulilolikimbia.

Mvumo: chomoa chaja ya laptopu, sikiliza. Ukikoma, rekodi kwa betri. Ukibaki, chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, na waya za maiki zisilale sambamba na waya za umeme. Zikikutana zipishane kama msalaba. Pini ya ethi usiikate, mtu anaweza kupigwa shoti. Feni izimwe, na friji ya chumba cha pili pia. Mwenye friji akumbushwe kuiwasha, samaki wasije wakaharibika kwa ajili ya sanaa.

Bi_Risha:
Wote wawili mmesahau nyuzi. Kanuni ina nyuzi sabini na kitu, zimepangwa tatu tatu kwa kila noti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi. Ngozi ikinyonya unyevu inalegea, ikikauka inakaza, na nyuzi zote zinafuata. Mkiwasha kiyoyozi kupoza ukumbi, halafu mkakizima ili kurekodi, kanuni itahama katikati ya wimbo. Chagueni hali moja, ala zikae humo saa nzima kabla ya kukazwa. Dumbak ya ngozi vivyo hivyo. Ya plastiki haina shida hiyo.

Mwanzoni mwa kila teki (kila mara mnaporekodi wimbo) mpigaji udi apige waya mmoja mtupu kwa sekunde tano, ule ule kila mara. Ukitaka kuunga teki ya pili na ya tano, linganisha kwanza hizo sekunde tano kwa tuna. Zikipishana senti 10 (senti 100 ni nusu toni), kiungo kitasikika hata ukikikata kwa ustadi gani.

Na tafadhali, plagini ya kunyoosha sauti usiiwashe kwa mwimbaji ikiwa kwenye mpangilio wake wa kawaida wa noti kumi na mbili. Akiimba maqamu (mpangilio wa noti) ya Bayati, daraja ya pili iko takriban senti 150 juu ya ya kwanza. Plagini haina mahali hapo. Itaivuta chini hadi 100, utakuwa umeigeuza maqamu nyingine, Kurdi, au juu hadi 200, igeuke Nahawandi. Mwimbaji atasikia mtu mwingine anaimba kwa koo lake. Noti iliyoanguka kweli irekebishe kwa mkono, hiyo moja tu, au chukua mstari huo kutoka teki nyingine.

Mkaza_Nyuzi:
Ahsanteni sana, nyote. Bi Risha, kuhusu kuunga: bila kliki nakata wapi? Na mwimbaji aingie baadaye au aimbe pamoja nao?

Bi_Risha:
Aimbe nao. Fidla na kanuni zinamjibu mwisho wa kila mstari; asipokuwepo watajibu hewa, na mapengo hayatalingana na pumzi zake. Ukiwa na chumba cha pili chenye mlango, mweke humo na hedifoni na SM58, mlango ufungwe. Hivyo sauti yake haivuji kwenye kondensa, na akitaka kurudia ubeti anarudia peke yake.

Kukata: kata mahali dumbak inapopiga dum (pigo zito la chini) ya kuanzia kipokeo, milisekunde chache kabla ya dum yenyewe. Dum inaficha kiungo. Kila teki ya kurekebisha ianze mistari miwili nyuma ya kosa, ili kasi na nguvu ya mikono virudi kabla ya mahali pa kukata. Usikate juu ya mlio wa kanuni unaofifia, utasikika umekatika.

Kebo_Ndefu:
Na kabla ya kukata, chagua vipande vya treki zote nne vya teki hiyo ubonyeze G viwe kundi moja, ndipo S ikate vyote mahali pamoja. Ukikata udi peke yake, udi uliovuja kwenye jozi utabaki wa teki nyingine na utasikia udi wawili. Pishanisha kiungo kwa milisekunde 10 hadi 30.

Akirudia ubeti peke yake, ajisikie kupitia saundi kadi moja kwa moja, si kupitia REAPER. Kisha hakiki ucheleweshaji: chomeka waya kutoka tundu la kutoa hadi la kuingiza, rekodi mlio mmoja mkali, hesabu sampuli kati ya mlio wa asili na uliorudi, tofauti hiyo iandike kwenye mipangilio ya kurekodi. Sampuli 200 kwa 48 kHz ni milisekunde 4 na zaidi kidogo. Kwa dumbak zinasikika.

Geini (kiwango cha kuingiza sauti): vilele vya juu kabisa viishie dB −12 hadi −10, biti 24. Pima kwenye kipokeo cha mwisho ambapo wote wamechangamka, si kwenye taksimu (mpigaji mmoja anapobuni peke yake). Treki nne zinakula takriban MB 35 kwa dakika, hivyo saa nzima ni GB 2. Acha REAPER irekodi mfululizo, usizime kati ya teki.

Pazia_Zito:
Kwenye kumiksi usiwe na mkono mzito. Ondoa vya chini: fidla chini ya Hz 150, kwa sababu waya wake wa chini kabisa ni 196, kanuni chini ya 80, udi chini ya 50 tu, unahitaji besi yake. Kompresa (ya kubana sauti kubwa) mwimbaji pekee, 2 kwa 1, ishuke dB 2 au 3. Rivabu (mwangwi wa ukumbi) moja kwa wote, sekunde 1.5 hivi, ikatwe chini ya Hz 200 dumbak isitie ukungu. Kondensa zikianza kutoa chechechee usiku, ni unyevu: zirudishe kwenye boksi na vifuko vya silika hadi kesho yake, wala usizipulizie hewa ya moto.