Naombeni ushauri: bosi anataka kundi litajwe kwenye kila kichwa cha habari

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Bandiko ni refu kidogo, mnivumilie.

Nina mwaka wa tatu chumba cha habari, upande wa mtandaoni. Nachukua habari ya ripota, nainyoosha, naipa kichwa na picha, naipandisha. Wiki mbili zilizopita ililetwa ya watu wawili waliogombana kisimani, mmoja mkulima, mwenzake mfugaji. Mkulima alikatwa panga begani, mfugaji akavunjwa mkono. Chanzo: zamu ya maji. Nikaandika, "Wawili wajeruhiwa wakigombea maji." Nikatoka kupokea simu. Narudi nakuta: "Wafugaji wamcharanga mkulima mapanga." Mfugaji mmoja keshazaa wafugaji! Mkono uliovunjika umesukumwa aya ya mwisho, na picha iliyowekwa ni ya wanaume wenye fimbo, wamekunja sura kwa jua.

Jioni fundi mitambo wetu, ambaye kwao ni wafugaji, aliniita pembeni na simu yake mkononi. "Hii picha ni ya siku ya chanjo ya ng'ombe. Huyu wa pili kushoto ni mjomba." Hakugomba. Ila tangu siku ile salamu yangu anaiitikia kwa kichwa tu.

Nikamfuata mhariri. Akaniuliza, uongo uko wapi? Aliyekatwa si mkulima? Aliyekata si mfugaji? Kisha akanifungulia takwimu: habari ile imesomwa kuliko zote za mwezi. Kwenye maoni watu wanarushiana "nyie" na "sisi", kisima hakuna anayekikumbuka. Sasa ameagiza kila habari ya vurugu itaje kundi kichwani. Nina watoto wawili na kazi naihitaji. Nigome? Nitii kimya kimya? Matusi yapo, ila naomba yaje baada ya ushauri.

Kalamu Kavu:
Unakuza mambo mkuu. Msomaji ana haki ya kujua nani kafanya nini. Ukificha kundi, mtaani watalitaja wenyewe, tena na chumvi juu. Piga kazi ule mshahara.

Mzee wa Dawati:
Kalamu Kavu una nusu ya hoja, na hiyo nusu nakupa. Kuna siku kundi ndilo habari yenyewe. Watu wakivamiwa kwa sababu ya asili yao, ukaandika "watu wasiojulikana wafanya vurugu", hapo unamkinga aliyevamia. Lakini kisimani waligombea zamu. Angekuwa mkulima mwenzake angekatwa vilevile.

Mleta mada, watu wakisikia uchochezi wanawaza mtu anayefoka. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha Julai 1993, haikuwa ya kufoka tu. Ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wa utani, na watu waliifungulia kwa raha zao. Ndani ya raha hiyo Watutsi wakaitwa mende. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, na uchochezi ulikuwa miongoni mwa makosa. Rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo, haikuwaachia. Simlinganishi bosi wako na wale, hata kidogo. Nakuonyesha tu kwamba sauti inaweza kuwa tamu na bado ikafanya kazi hiyo.

La kufanya: fungua kumbukumbu zenu za miezi sita. Mfugaji akituhumiwa, kundi lake limetajwa kichwani mara ngapi? Mkulima je? Mpelekee bosi karatasi. Wahariri wa takwimu hubishana na hisia, na tarakimu zao wenyewe zinawapa shida kidogo.

Binti wa Zizini:
Mimi natoka upande wa hiyo picha. Ndugu yetu akifaulu vizuri anaandikwa "mwanafunzi". Akigundua kitu anaandikwa "kijana". Akimpiga mtu ndipo anakuwa mfugaji. Kabla ya hesabu na mikakati, ondoeni picha ya mjomba wa watu. Leo, siyo kesho.

Jicho la Pembeni:
Na msidhani ni kabila na ukoo tu. Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa uwanja wa Hillsborough, na waliokufa kwa msiba ule wakafikia 97. Siku nne baadaye gazeti la The Sun likaandika ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, kwamba "ukweli" ni kuwa mashabiki waliwaibia maiti. Jopo huru lilikuja kuyabomoa madai hayo mwaka 2012. Mpaka leo wengi Liverpool hawaligusi gazeti hilo. Bosi anayehesabu wasomaji wa mwezi mmoja, mpe na hesabu hiyo.

Wakili Msomi Kidogo:
Agizo la mdomo usilipokee hivi hivi. Mwandikie baruapepe: "Kama tulivyozungumza leo, umeelekeza kwamba..." Siku mambo yakiharibika, mfumo utaonyesha jina la aliyepandisha habari, na hilo ni lako.

Mzee wa Dawati:
Hilo la Wakili lishike. Nyongeza moja kutoka kwangu: tazama nani amekaa mezani. Baada ya ghasia za 1967 Marekani, tume ya Kerner, iliyoundwa kuzichunguza, ilikuta Weusi hawafiki asilimia 5 ya wanaofanya kazi za uhariri, na ikasema vyombo vya habari viliitazama nchi kwa macho ya Weupe. Kwenu, kwa maelezo yako, mfugaji mmoja yupo, na yuko kwenye mitambo. Picha ile angeikamata kwa sekunde mbili. Nani alimuuliza?

Kalamu Kavu:
Picha sawa, mmechemsha. Ila kichwa bado sioni kosa.

Binti wa Zizini:
Kalamu Kavu, mfugaji alikuwa mmoja. "Wafugaji" wamcharanga. Hesabu.

Kalamu Kavu:
Haya. Hiyo moja nakubali.

Mleta mada (MREJESHO):
Wakuu, asanteni. Picha imetoka na tumeweka maelezo kwamba haikuhusiana na tukio. Hesabu nimefanya: habari 14 za vurugu. Tisa mtuhumiwa ni mfugaji, zote tisa kundi liko kichwani. Tano ni mkulima, kundi limetajwa mara moja. Nimempa bosi, ameisoma mara mbili, akasema "tutaona". Agizo hajalifuta. Baruapepe nilituma, hajaijibu, lakini habari mbili zilizofuata vichwa vyangu hakuvigusa.

Nilimfuata fundi mitambo kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mjomba ameshatumiwa skrinshoti na watu wanne, na siku hizi kisimani anamtuma mtoto.

Binti wa Zizini:
Mpelekee mjomba habari ya marekebisho mwenyewe. Kwa miguu.

Mleta mada:
Jumamosi nakwenda. Fundi amekubali kunisindikiza.