Naomba ushauri: Kijerumani au Kipolandi kwa mtembeza wageni?

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Mie natembeza wageni Mji Mkongwe na Nungwi. Kiingereza kipo, Kiitaliano nimekiokota ufukweni na kinanitosha. Sasa nataka lugha moja zaidi, nimekwama kati ya Kijerumani na Kipolandi, maana Wapolandi siku hizi wamejaa.

Nimeona makadirio ya chuo cha wanadiplomasia wa Marekani ya muda wa kujifunza lugha: Kijerumani karibu wiki 36 za masomo, kundi moja na Kiswahili chetu, Kipolandi wiki 44. Lakini hayo ni kwa mzungumzaji wa Kiingereza, na mie sifikiri kwa Kiingereza. Kijerumani kina jinsia tatu za nomino (ya kiume, ya kike na ya kati) na hali nne, yaani maumbo yanayobadilika kufuatana na kazi ya nomino katika sentensi. Kipolandi jinsia tatu pia, hali saba! Ila sisi tumezaliwa na ngeli. Upatanisho wa kivumishi na nomino haunitishi kabisa. Kinachonitisha ni konsonanti za Kipolandi zilizobanana bila irabu.

Kijerumani nimekijaribu kwa programu ya simu. Matamshi sawa, jinsia ndizo zinanitoa jasho: kwetu kiambishi mara nyingi kinakuonesha ngeli, kwao mara nyingi lazima ukariri. Kipolandi nasikia mwisho wa neno husaidia.

Waliosoma mojawapo huku Kiswahili ndiyo lugha yao ya nyumbani: ngeli ziliwasaidia kweli, au ni matumaini yangu tu? Na kwa mazungumzo ya kutembeza wageni, hizo hali saba naweza kuziruka mwanzoni nikaeleweka? Ahsanteni.