Kondele nakunywa maji mengi nakojoa kidogo, Nakuru ni kinyume. Figo ziko sawa?

BodaKondele: Wakuu, naomba msaada. Mimi ni wa boda, steji ya Kondele, hapa Kisumu. Nikishinda juani namaliza chupa mbili kubwa za maji, lakini hadi jioni haja ndogo ni mara moja tu, tena mkojo wa manjano iliyokolea, unanuka. Nikienda kwa dada yangu Nakuru, vikombe viwili vya chai na usiku silali, ni choo tu. Figo zimeanza kuharibika?

NesiMstaafu: Omera, figo zako zinachapa kazi. Kwa siku huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, na karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachotoka ni lita moja au mbili hivi. Sasa wewe ukiwa juani, jasho linabeba maji mengi kuliko chumvi, damu inabaki na chumvi nzito. Ubongo unalinusa hilo mapema. Unakutia kiu na kuachilia homoni ya vasopresini, ambayo huifanya mirija ya figo ivute maji na kuyarudisha kwenye damu. Ndiyo maana mkojo ni mchache na umekolea.

Nakuru ni juu, hutoi jasho. Baridi nayo inabana mishipa ya ngozini, damu inakimbilia ndani, mwili unaona maji yamezidi, basi unayamwaga. Ila ukiona unakojoa hivyo hata Kisumu, na kiu haikatiki, nenda upimwe sukari.

MamaOmena_Dunga: Mimi kuanika omena mchana kutwa, maji matupu hayanishiki. Mpaka nipate mchuzi wenye chumvi ndipo mwili unatulia.

NesiMstaafu: Ni kweli, mama. Jasho limeondoka na chumvi pia, na maji hufuata chumvi. Kuna homoni nyingine, aldosteroni, inayoziambia figo ziizuie chumvi isitoke.

Jakamollo: Na bia je? Mbili tu na nimeenda chooni mara nne 😂

NesiMstaafu: Pombe huizuia vasopresini isitoke. Ile kiu ya asubuhi umejiletea mwenyewe.

BodaKondele: Asante sana nesi. Kwa hivyo nikikosa maji kabisa, mkojo utaisha?

NesiMstaafu: Thubutu! Figo zinahitaji kama nusu lita kwa siku kutoa taka, na zitaichukua hata kama hujanywa. Na hizo chupa zako usizimalize kwa mkupuo saa saba. Kunywa kidogo kidogo kati ya abiria, la sivyo mengi utayaacha kwenye choo cha steji.