Naombeni ushauri: dispensa ya juisi (chombo chenye koki) ya kwenda nayo pikiniki, kioo au plastiki?

mama_njiro
Habari zenu wapendwa. Desemba hii ukoo tunakutana, tuko kama 30 pamoja na watoto, siku ya kwanza tunashinda Ziwa Duluti halafu kesho yake tunashuka kwenye chemchemi za Chemka. Mimi ndo nimepewa vinywaji. Miaka yote tunabeba madumu na majagi, kila mtu anachota na kikombe chake, nzi wanaingia, na lazima mtu mmoja asimame anamimina mpaka jioni, na huyo mtu huwa ni mama yetu, ndo kinachoniuma. Nimepita madukani mjini nimeona dispensa za kioo zenye stendi, nzuri kweli, kuna za plastiki ngumu na kuna yale makoleman makubwa ya kutunza baridi yenye koki. Nataka kuweka juisi ya ukwaju, ya pesheni, na maji ya baridi. Wazee watataka na mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nichukue ipi, na ya lita ngapi?

mapishi_moshi
Dada, kabla ya kioo au plastiki angalia koki. Mm napika kwenye shughuli huku Moshi, kipaimara, sendofu, misiba, na dispensa karibu zote zinazotupwa zinakufa koki, chombo chenyewe bado kizima. Mwambie muuzaji aijaze maji hapo hapo dukani, pangusa kwenye maungio ya koki halafu shikilia tishu kavu kwa chini, ikilowa achana nayo. Kuwe na washa (ringi) ya mpira ndani na nje, na koki iwe na tundu pana, zile nyembamba mtoto anasubiri mpaka analia. Angalia pia kikombe kinaingia chini ya koki bila kuinamisha chombo. Na mfuniko ukibana kabisa hewa haiingii, juisi inaanza kutoka kwa kusitasita mpaka inakata, watu wanadhani imeziba kumbe ni kulegeza mfuniko tu.

Lita: kikombe ni kama mililita 200, watu 30 vikombe viwili viwili tayari ni lita 12, na barafu nayo inataka nafasi. Ila usinunue moja ya lita 20, hiyo ikijaa ni zaidi ya kilo 20 juu ya kimeza cha kukunja, nani ataibeba? Chukua mbili za lita 10, moja maji moja juisi.

sakina_home
Mimi natetea kioo jamani. Plastiki ukiweka ukwaju wenye tangawizi harufu haitoki, unaweka maji wiki ijayo bado unaisikia. Kioo unaosha kinarudi kama kipya, na mezani kinapendeza, limao na mnanaa vinaonekana.

mapishi_moshi
@sakina_home nyumbani nakubali kabisa, hata mm ninacho sebuleni. Lakini yeye anaenda Chemka, ile barabara ya vumbi kutoka Boma Ng'ombe unaijua inavyorusha, na pale kwenye maji watu wako peku, kikivunjika vile vipande utaviokotaje kwenye mizizi ya ile miti? Na mtu asije akakimiminia chai ya moto, kioo cha kawaida kinapasuka.

dereva_wa_safari
Chukua koleman mama. Kwenye kazi zetu za kuzungusha wageni porini ndo tunayotumia maana inatunza ubaridi mpaka jioni. Siri ni kuipoza kwanza, weka maji na barafu kama nusu saa, mwaga, ndo uweke juisi iliyotoka kwenye friji. Ikae kivulini. Ubaya wake haionyeshi kilichomo, kwa hiyo bandika karatasi, la sivyo watoto watafungua mfuniko kila dakika kuchungulia.

mama_njiro
Asanteni sana, nishaanza kuelekea kwenye koleman. Na mbege je? Na zile mbegu za pesheni?

kibosho_juu
Mbege hapana, usiipitishe kwenye koki. Ulezi unatuama chini na kuziba, na bado inachacha inatoa gesi, ukifunga mfuniko ikabana inaweza kusukuma ikakulowesha. Ibebe kwenye ndoo, mfuniko uwe umelegea, na ubebe kata. Wazee wetu wanaheshimika wakipewa kwenye kata, glasi ya plastiki wala hawaitaki.

mapishi_moshi
Nakazia hapo kwa mwenzangu. Pesheni chuja mara mbili, ukwaju chuja kwa kitambaa safi, zile nyuzi ndo adui wa koki. Barafu usiweke ya maji, gandisha juisi yenyewe kwenye vikopo siku moja kabla, ikiyeyuka ladha inabaki ile ile. Soda usimimine humo, gesi inaisha watu wanakunywa maji ya sukari, ziache kwenye chupa.

Mkirudi, hata kama umechoka, fungua koki usiku huo huo, itenganishe, sugua ndani kwa kibrashi kidogo na maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Sukari ikikaukia humo inaota ukungu na kwa nje huoni kitu, na wanaokunywa ni watoto. Acha vikauke mfuniko ukiwa wazi. Nunua na washa za akiba, ila pima kwanza tundu la chombo chako, nyingi huwa kama milimita 16 lakini si zote, kwa hiyo nenda na koki yenyewe mkononi.