Shambulio la kuvizia ni mara moja kwa zamu au mara moja kwa mzunguko?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba mnitatulie ubishi uliotukalisha juzi hadi saa sita usiku. Tunacheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, toleo la tano, kwa kanuni za 2014, na mimi ndiye mwendesha mchezo. Mmoja wetu anacheza Rogue, yaani yule mwizi mjanja wa kunyatia, aliyefika ngazi ya 5, kwa hiyo anapovizia huongeza dadu 3 za pande sita juu ya dhara la upanga wake. Katika zamu yake alitoka mafichoni akamchoma zimwi, akarusha dadu zake. Zimwi alipotaka kukimbia, mchezaji akadai shambulio la fursa (pigo la papo hapo kwa adui anayekuacha akikimbia), nami sikupinga, ila nilipoona anazikusanya tena zile dadu 3 nilimshika mkono nikamwambia kwamba kuvizia ni mara moja tu kwa zamu. Akanijibu, "Sawa, lakini hii si zamu yangu, ni ya zimwi." Meza nzima ilicheka isipokuwa mimi. Nani yuko sahihi?

Jibu la 1

Kwa hoja hiyo, mchezaji wako yuko sahihi. Mzunguko mmoja wa mapigano ni sekunde 6, na ndani yake kila mhusika na kila adui ana zamu yake. Kanuni inataja mara moja kwa zamu bila kusema kwamba zamu hiyo lazima iwe ya mwenye kuvizia. Kinachombana ni mwitikio (tendo la kujibu linaloweza kufanywa hata nje ya zamu yake, kama hilo shambulio la fursa), kwa kuwa anao mmoja tu na haumrudii mpaka zamu yake ianze tena, hivyo hawezi kuvizia zaidi ya mara mbili katika mzunguko.

Hata hivyo, masharti ya kuvizia hayaondoki kwa sababu zamu si yake: silaha iwe ya wepesi au ya kurusha kutoka mbali, na ama awe na nafasi ya kurusha dadu mbili za pande ishirini na kuchukua iliyo kubwa, ama adui mwingine wa huyo zimwi awe ndani ya futi 5 kutoka kwake.

Jibu la 2

Nadhani tatizo limeanzia kwenye lugha. Hata sisi, tulipoanza kucheza kwa Kiswahili, tuliita kila kitu "zamu", iwe ni ya mtu mmoja au ni ile ya wote kuzunguka meza, na tukagombana hivyo hivyo. Tangu tulipoamua kwamba zamu ni ya mmoja na mzunguko ni wa wote, nusu ya ubishi wetu imekwisha. Mkuu, ujue pia kwamba waundaji wenyewe walijaribu kuubana uwezo huu uwe wa zamu ya mchezaji tu, katika rasimu ya majaribio ya 2022, lakini kanuni za 2024 zilibaki na mara moja kwa zamu.

Jibu la 3

Nakubali, na sioni kwamba mchezaji amejipendelea. Mpiganaji wa ngazi ya 5 hushambulia mara mbili, kwa hiyo akikosa moja bado ana ya pili, ilhali Rogue mwenye upanga mmoja akikosa hubaki mikono mitupu. Tena katika ngazi hiyo hiyo ya 5 Rogue hupata uwezo wa kupunguza kwa nusu dhara la pigo moja, nao hutumia mwitikio ule ule. Akiutumia kumchoma zimwi anayekimbia, atakayempiga baadaye atampiga kwa uzito wote. Mimi mezani kwangu nakataa hila moja tu: mchawi kumwongezea Rogue kasi ili ashambulie kwa tendo la ziada, kisha aliweke tendo lake la kawaida tayari kwa zamu ya mwenzake, avizie mara ya pili. Kanuni za 2014 zinairuhusu, lakini inachosha wengine.

Muulizaji

Nashukuru, wakuu. Nimerudi kwenye kumbukumbu za pambano, nikakuta kwamba pigo la kwanza lilikuwa halali kwa sababu alikuwa amejificha. Wakati wa pigo la pili hakuwa amejificha tena, na mwenzake pekee aliyekuwa karibu na zimwi alikuwa mganga wetu, ambaye alikuwa amelala chini hajitambui, pointi zake za uhai zikiwa 0, na kanuni inataka huyo wa karibu awe anajiweza. Kwa hiyo dadu 3 sizirudishi, ingawa sababu niliyompa usiku ule ilikuwa mbovu, na nimemwandikia kumwambia hivyo.